Una nusu siku Vienna, upande kilima kipi? Kahlenberg, Leopoldsberg, Wilhelminenberg na vingine

Tuanze na hili ili tusije tukalaumiana: vilima vya Vienna sio milima. Mtu wa Nairobi ukimwambia "twende tukapande mlima" halafu ukamfikisha Kahlenberg atacheka, maana Kahlenberg yenyewe ina mita 484 tu toka usawa wa bahari, wakati Nairobi iko juu ya mita 1,600, yaani jamaa akiwa amekaa zake kwenye matatu pale mjini yuko juu kuliko kilele chochote cha huku, tena mbali sana. Ila mji wa Vienna wenyewe uko chini, pale mtoni ni kama mita 160 au 170 hivi, kwa hiyo unachopanda ni mita 300 na kidogo, na mita 300 hizo ukizipanda na viatu vya mkutano utazikumbuka mpaka wiki ijayo.

Nasema viatu vya mkutano kwa sababu wageni wengi wanaoniuliza hili swali ndio hao, wamekuja vikao vya UN pale Kaisermühlen, wana nusu siku kabla ya ndege, wameshachoka makumbusho na makanisa, wanataka kuona mji kwa juu na kunyoosha miguu kidogo. Wengine ni ndugu waliokuja kututembelea, mama mdogo, shemeji na watoto. Na wote wanauliza kitu kimoja, "huko juu tunapandaje?" Mi siku hizi nawajibu kwa swali jingine, mnashukaje? Maana kupanda basi lipo. Kilima kimoja na kingine tofauti yake kubwa haiko kwenye kupanda wala haiko kwenye urefu, iko kwenye kushuka: unashuka wapi, kwa muda gani, magoti yanasemaje, na ukifika chini unakuta nini.

Haya, twende na Kahlenberg na Leopoldsberg kwanza maana ndio watu wanavichanganya. Vyote viwili viko kaskazini mwa mji, vimekaa jirani kabisa, na toka kimoja mpaka kingine kwa mguu ni kama nusu saa. Na kuchanganya sio kosa la mgeni, wenyewe waliyachanganya majina: zamani jina Kahlenberg lilikuwa la hiki kinachoitwa leo Leopoldsberg, na hiki cha leo kilikuwa kinaitwa Sauberg, yaani kilima cha nguruwe, kwa ajili ya nguruwe mwitu waliokuwa wamejaa kwenye msitu. Mfalme Leopold wa Kwanza akajenga kanisa kule juu ya kile kingine, kikachukua jina la Mtakatifu Leopold, na jina la zamani likahamia kwa jirani. Kwa hiyo ukisoma habari za zamani za Kahlenberg uliza kwanza ni Kahlenberg ya lini.

Kahlenberg kufika ni rahisi mno. Unachukua metro U4 mpaka mwisho, Heiligenstadt, unatoka nje unakuta basi 38A, unapanda, nusu saa hivi uko juu. Kama unatokea UN basi ni U1 mpaka Schwedenplatz, unabadili U4, imeisha hiyo. Tiketi ni ileile ya mjini, hulipi ziada. Basi linapita Grinzing, halafu linaingia barabara ya mawe inaitwa Höhenstrasse, ilijengwa miaka ya 1930, na pale mawe yanalitikisa basi mpaka meno yanagongana, kwa hiyo kama una mtoto mdogo mshike vizuri. Linakata kona msituni, linasimama Cobenzl, linaendelea mpaka Kahlenberg. Ukishuka unatembea dakika chache uko kwenye baraza kubwa na mji wote uko mbele yako.

Na hapo niseme ukweli, Kahlenberg kwa kuangalia mji inalipa. Unaona mto Danube umegawanyika, katikati kile kisiwa chembamba cha kilomita 21 walichokitengeneza wenyewe walipochimba mkondo wa pili kuzuia mafuriko, unaona mnara wa Donauturm wenye mita 252, pembeni yake majengo marefu ya Kaisermühlen, na ukitafuta vizuri unaliona kanisa kuu la Stephansdom limesimama peke yake katikati ya mapaa kama kijiti. Siku ambayo hewa imesafishwa na mvua unaona mpaka vilima vya Slovakia. Mama mdogo wangu kutoka Tanga alisimama pale akashika ukingo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniuliza, "Mwanangu, sasa bahari iko upande gani?" Nikamwambia mama, nchi hii haina bahari. Akanyamaza kidogo. "Haina kabisa? Ah, poleni."

Ubaya wa Kahlenberg ni kwamba kila mtu anaijua. Jumapili ya jua utapanga foleni ya kupiga picha, na jioni kuna maegesho yaliyojaa vijana na magari yao yananguruma. Mgahawa upo, chuo kikuu kipo hapohapo juu, kanisa lipo. Kanisa hilo ndilo linaleta mabasi ya Wapoland, maana tarehe 12 Septemba 1683 jeshi la kuukomboa mji uliokuwa umezingirwa na Waturuki kwa miezi miwili lilishuka toka vilima hivi, na mkuu wao alikuwa mfalme wa Poland, Jan Sobieski. Papa Yohane Paulo wa Pili alifika pale 1983, miaka 300 kamili baadaye. Wanasema asubuhi ya vita ilisomwa misa huku juu, ila mpaka leo watu wanabishana ilisomewa kilima kipi kati ya hivi viwili. Si unaona, majina hayo tena.

Sasa Leopoldsberg. Ina mita 425, ni fupi kuliko jirani yake, lakini imekaa mwisho kabisa wa safu, baada yake ni genge linadondoka mpaka Danube. Kwa hiyo kule Kahlenberg unauangalia mji kwa mbali kama picha ya ukutani, ila Leopoldsberg mto uko chini ya miguu yako, meli za mizigo zinapita kama viberiti, treni inapita, unaisikia. Mi kwa macho tu naipa Leopoldsberg, bila kusita. Watu ni wachache, kanisa la njano liko ndani ya kuta za zamani, na hata pale nje ya ukuta pana sehemu ya kusimama na kuona kila kitu.

Shida ni namna ya kufika. Kuna njia inaitwa Nasenweg, njia ya pua, kwa sababu ile kona ya kilima inayoingia mtoni inaitwa pua. Inaanzia kijiji cha Kahlenbergerdorf kule chini, unafika na basi la kwenda Klosterneuburg kutoka Heiligenstadt. Njia yenyewe ni fupi, dakika arobaini mpaka saa nzima, ila mwinuko wake haujui utani: inapinda kulia, inapinda kushoto, ngazi, mawe, ngazi tena, pembeni kuna ukingo wa kushika, na kila kona kuna benchi, na kila benchi utakutana na mtu wa miaka sabini na fimbo zake mbili anakusalimia "Grüß Gott" wala hahemi, wewe unamjibu kwa mkono maana pumzi hamna. Ukifanya mazoezi au hata kupanda ngazi za ghorofa nyumbani utaifurahia. Lakini ipande, usiishuke. Hapo ndipo mi nilipokosea.

Binamu yangu alikuja kikaoni mwezi wa kumi na moja, ana saa nne tu, nikasema twende na basi mpaka Kahlenberg, tutembee mpaka Leopoldsberg, halafu tushukie Nasenweg tumalizie chini mtoni, kwenye ramani ilikuwa inapendeza kweli. Jamaa kavaa viatu vya ngozi, soli laini, vile vya kung'aa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, majani yamelala njiani tabaka kwa tabaka, chini yake ngazi zina utelezi. Kona ya kwanza akateleza, ya pili akashika ukingo kwa mikono miwili, kuanzia ya tatu akawa anashuka kiubavu kama kaa wa mikokoni, jaketi limechafuka mgongoni, ananiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulitumia zaidi ya muda wa kupanda. Uwanja wa ndege alifika, ila akiwa na suruali ya udongo, na mpaka leo nikimpigia anaanza na "vipi, leo hutaki kuniua?"

Kwa hiyo kanuni yangu ya hivi viwili iko hivi: Leopoldsberg panda kwa mguu kupitia Nasenweg, ukifika juu tembea mpaka Kahlenberg, kunywa kahawa, shuka na basi. Kahlenberg panda na basi, shuka kwa mguu kupitia mashamba ya mizabibu. Ukigeuza unaumia au unakosa uhondo.

Na hii ya kushuka kutoka Kahlenberg kupitia mizabibu ndiyo ninayompeleka karibu kila mtu, hata mama mdogo wa magoti mabovu aliiweza. Unafuata Kahlenberger Strasse, unashuka mdogo mdogo mpaka Nussdorf, ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wa kupiga picha na kupumzika. Mwanzo uko msituni, kivuli, halafu ghafla miti inaisha na pande zote mbili ni mizabibu imepangwa mistari mpaka kule chini, na mji uko mwisho wa mistari. Vienna ni mji mkuu ambao una mashamba ya zabibu ndani ya mipaka yake na divai yake inauzwa, sio urembo, ni kilimo kabisa, utakuta matrekta. Na wikiendi za joto kuna watu wanafungua vibanda humohumo shambani, viti vya kukunja, meza ya mbao, glasi, mkate wenye jibini la kupakwa lenye rangi ya chungwa linaitwa Liptauer. Mama mdogo alitangulia kufika chini, kitenge kimefungwa kiunoni, raba za binti yangu miguuni, mi niko nyuma napiga picha za majani.

Hapa kidogo niwatahadharishe wasiotumia pombe. Septemba na Oktoba kuna kitu kinaitwa Sturm, ni juisi ya zabibu iliyoanza kuchacha, ina rangi ya ukungu, tamu, inapanda mapovu, ukiiangalia utasema juisi. Sio juisi. Ni kama ulanzi au mnazi wa asubuhi, inaingia kama maji halafu inakuja kukudai baadaye. Chupa yake hawaifungi kabisa, wanaifunika na karatasi ya bati iliyotobolewa maana gesi inatoka, ukiifunga inapasuka, basi ukiona chupa haina kizibo cha maana ujue ndio hiyo. Ukitaka isiyo na kilevi sema Traubensaft, hiyo ndio juisi ya zabibu, kila kilabu cha divai wanayo. Na chakula chao kwenye vilabu hivyo nguruwe ni mwingi, mpaka mafuta ya kupaka mkate, kwa hiyo uliza kabla hujaonja, jibini na saladi hazikosekani.

Kama hata saa moja na nusu ni ndefu, shukia njiani kabla ya Kahlenberg, kituo cha Cobenzl. Hapo mashamba ya mizabibu ya manispaa yako mbele yako na mji nyuma yake, na ukitembea robo saa hivi kufuata njia tambarare unafika sehemu inaitwa Am Himmel, maana yake "mbinguni", watu wamelala kwenye majani na watoto na mbwa. Chini kidogo ni uwanda wa Bellevue, na kuna jiwe lenye maandishi kwamba hapo, tarehe 24 Julai 1895, Dokta Sigmund Freud, yule mtaalamu wa nafsi, alifunuliwa siri ya ndoto. Nyumba aliyokuwa analala siku hiyo haipo tena, limebaki jiwe na majani, na mtazamo. Sehemu hii kwa mwenye kigari cha mtoto ni bora kuliko Kahlenberg yenyewe, na kwa wanandoa waliogombana asubuhi pia, maana benchi ziko mbali mbali.

Sasa upande wa magharibi, Wilhelminenberg. Mi nakaa Ottakring kwa hiyo nina upendeleo, nakiri kabisa. Unachukua metro U3 mpaka mwisho, Ottakring, unapanda basi 46A au 46B, unashuka karibu na kasri la Wilhelminenberg ambalo sasa ni hoteli. Mbele ya kasri kuna majani yameteremka kuelekea mjini, unakaa tu. Ukitaka juu zaidi unatembea dakika kama ishirini msituni unafika Jubiläumswarte, mnara wa zege wa mwaka 1956 wenye ngazi 183 zinazozunguka, hulipi kitu. Kule juu upepo unakusukuma, na unaona kitu ambacho Kahlenberg haikupi, yaani ukigeuka nyuma ni msitu wa Wienerwald mtupu mawimbi kwa mawimbi, ukigeuka mbele mji wa watu milioni mbili. Mpaka wake ni kama umekatwa na kisu. Wakati wa baridi mnara unafungwa, zingatia hilo.

Tofauti yake na Kahlenberg ni hii. Kahlenberg unaona mto lakini katikati ya mji iko mbali. Wilhelminenberg mto huuoni vizuri, ila mji uko karibu, unaweza kuonesha mtu "pale ndio nyumbani, pale ndio hospitali, lile paa la kijani unaliona". Halafu taa. Jioni jua linazama nyuma yako upande wa msitu, linaupiga mji usoni, madirisha yote yanawaka rangi ya shaba kwa dakika kumi, halafu giza linaingia na taa zinaanza moja moja. Watu wanabeba mikate yao, mbegu za alizeti, wanakaa kwenye majani mpaka saa nne usiku kwa mwezi wa sita, maana jua lenyewe linazama saa tatu. Na kushuka hakuna shida, basi lipo, hata ukitaka kwa mguu ni barabara ya lami yenye taa mpaka Ottakring, wala hufiki saa nzima.

Ukiwa bado na nguvu toka mnarani, teremka mpaka Steinhofgründe, majani mapana yenye miti ya matunda, na kutoka pale unaona kuba la dhahabu la kanisa alilolibuni Otto Wagner, lilizinduliwa 1907. Wenyeji wanakiita kilima cha limau kwa sababu ya hilo kuba. Chini yake ni hospitali ya zamani ambayo wakati wa Wanazi waliuawa watoto wengi wagonjwa na walemavu, na kuna nguzo ndogo za taa za kuwakumbuka. Sio mahali pa kupita unacheka, ila pita.

Lainz ni stori nyingine kabisa na watu wanaidharau kwa sababu haiko juu sana. Lainzer Tiergarten ilikuwa pori la kuwindia la wafalme, hekta 2,450 zimezungushiwa ukuta wa mawe, ukuta mrefu zaidi ya kilomita 20, ulijengwa miaka ya 1780 na fundi mmoja anaitwa Philipp Schlucker aliyekubali bei ya chini mno kuliko wenzake. Mjerumani akitaka kusema "maskini wa watu" anasema "armer Schlucker", na wa Vienna wanapenda kusema ni yule fundi, ila msemo ni wa zamani kuliko yeye, ni kwamba tu jina lake lilikuja kufanana na bei yake. Kuingia ni bure. Unachukua tramu 60 kutoka Hietzing halafu basi 56B mpaka mlangoni, Lainzer Tor.

Mwenye watoto namwambia aende Lainz, asijisumbue na Kahlenberg. Watoto hawana habari na mtazamo, we wapeleke kwenye baraza la Kahlenberg watasema "sawa, tumeona, simu iko wapi". Lainz wanaona nguruwe mwitu. Mara ya mwisho na watoto wa shemeji tulimkuta jike na vitoto sita vyenye mistari mgongoni kama vimevaa jezi, wamelima majani pembeni ya njia kama trekta limepita, unasikia wanavyotafuna, na harufu yake inafika kabla yao. Mdogo wa miaka minne alinishika suruali akanong'ona, "huyu anang'ata?" Usimsogelee, usimlishe, na usisimame kati ya mama na watoto, ni hivyo tu, yeye ana shughuli zake. Kuna swala wenye madoa pia na kondoo mwitu wenye pembe za kuviringika. Mbwa hawaruhusiwi, baiskeli hairuhusiwi.

Robo saa toka mlangoni, tambarare kabisa, kuna Hermesvilla, jumba ambalo mfalme Franz Joseph alimjengea mkewe Elisabeth miaka ya 1880 akitumaini atatulia nyumbani, hakutulia. Wanaotaka kuona mji waendelee mpaka uwanda wa Wiener Blick, hapo mji unaonekana kwa mbali juu ya miti, kiungwana lakini sio wa kupiga mayowe. Wenye miguu waende mpaka Hubertuswarte, mnara wa kilima cha mita 508. Sasa kwenye kushuka, ubaya wa Lainz ni milango. Jioni inafungwa, na saa inategemea msimu, imeandikwa pale mlangoni unapoingia, mwenye macho haambiwi tazama. Mi niliwahi kutembea saa zima mwezi wa kumi, giza linaingia, na mlango niliokuwa naukimbilia ukawa ni ule ambao baridi ikianza haufunguliwi kabisa, nikarudi mbio na ukuta pembeni yangu mrefu kama wa gereza. Kwa hiyo toka kwa mlango ulioingilia, usijifanye mjanja.

Bisamberg nitaisema haraka. Iko ng'ambo ya mto, mita 358, haina mbwembwe, tramu 31 mpaka Stammersdorf, unapita uchochoro wa maghala ya divai, unapanda taratibu kati ya mizabibu hata hujui kama unapanda. Zamani kulikuwa na mnara wa redio wa mita 265 kule juu, wakaulipua Februari 2010. Sababu moja tu ya kuichagua, ila ni kubwa: vile vilima vingine vyote vinaangalia mashariki au kusini kwa hiyo jua linazamia mgongoni kwako, hapa unaangalia mto na Leopoldsberg ng'ambo, na jua linazama mbele yako. Kushuka unashukia kwenye vilabu vya divai, tramu ipo.

Hermannskogel ndio kirefu kuliko vyote, mita 542, na mnara wake ulikuwa ndio nukta ambayo wapimaji wa ufalme wa Austria na Hungary walianzia kupima ramani. Wanaopenda kuandika kwamba "nimefika kilele cha Vienna" waende. Wengine mtaona miti. Miti mizuri, sikatai, ila mnara usipokuwa wazi, na mara nyingi ni wikiendi za joto tu, utakuwa umepanda kuangalia miti.

Kuhusu majira: mwezi wa nne na wa tano ndio wangu, msitu mzima unanuka kitunguu saumu kwa sababu ya majani ya Bärlauch, wenyeji wanayachuma wanatia kwenye supu, wewe usichume, kuna jani jingine linafanana nalo na lina sumu. Kuanzia hapo mpaka vuli kuna kupe kwenye majani marefu, sio wa ng'ombe tu, hawa wanaleta ugonjwa wa ubongo na wenyeji wanachanjwa kabisa, wewe wa siku tatu vaa soksi ndefu, usiingie vichakani, na ukirudi hotelini jikague nyuma ya magoti na kiunoni. Novemba na Desemba ukungu unakaa juu ya mji kama shuka, unaweza kupanda Kahlenberg ukaona nyeupe tupu, na saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Ila mara chache sana ukungu unakuwa chini na kilima kimetokeza juu yake, jua linawaka na mji umezama, minara tu inachungulia. Mi nimeipata mara mbili kwa miaka yote niliyokaa hapa. Na asubuhi za kiangazi pale Kahlenberg jua linakupiga machoni, picha zinatoka giza, nenda mchana kuanzia saa tisa.

Maji usinunue, jaza chupa bombani, yanatoka kwenye chemchemi za milimani moja kwa moja. Jaketi beba hata kama mjini watu wako na fulana.

Kwa hiyo wewe wa nusu siku na raba: 38A juu, mizabibu chini. Wewe wa viatu vya kung'aa: Cobenzl, au Wilhelminenberg jioni. Mwenye watoto Lainz. Mwenye pumzi na hasira za kikao Nasenweg, kwa kupanda. Na ukishashuka Nussdorf na vumbi lako la shambani, tramu D inaanzia palepale mwisho kwa hiyo kiti hukikosi, kaa dirishani, vua raba kidogo chini ya kiti kama hakuna anayekuangalia, itakupitisha mbele ya Bunge na Opera mpaka stesheni kuu bila kubadili, na mama mdogo wangu kuanzia kituo cha tatu alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na zabibu tatu za kuokota mkononi.